Shilingi Elfu Tisa na Kitu

Karatasi imetoka kwenye mashine ikiwa bado na joto,
nikaishika kwa viganja viwili kama kikombe,
maana Njombe ya mwezi wa sita haina mzaha
na nilikuwa mlangoni kabla ya mlinzi kuvua koti.

Nilidhani nitasoma fedha.
Nikajisoma mwenyewe:
tarehe nne, mbolea.
Tarehe saba, mbolea tena, na dawa ya ukungu.
Tarehe tisa, duka la viatu, Makambako.
Hapo nikatazama pembeni kidogo
kana kwamba mume wangu amesimama begani.

Kisha tarehe kumi na nne:
LUHALA NA WANAWE, elfu thelathini na nane mia tano.
Luhala ni nani?
Sijala naye, sijamsalimu, sijamzika mtu wake.
"Kumbuka taratibu, Mama Mligo,"
akasema Festo Tweve nyuma ya kioo,
Festo niliyemfunga kamba za viatu darasa la kwanza,
leo ananiuliza
kama nimewahi kumtajia mtu namba zangu za siri.

Nikairudia tarehe kumi na nne kwa miguu.
Asubuhi ile tulimpeleka Eufrasia hospitali, Ilembula,
amejikunja kiti cha nyuma, hasemi.
Gari likataka mafuta.
Kijana wa pampu akaninyooshea kimashine,
nikabonyeza huku namtazama dada yangu kwenye kioo.
Kumbe kibao cha kituo kina jina moja
na leseni ina jingine, la marehemu mwenye kiwanja.
Samahani, Luhala.
Ulitufikisha.

Lakini huyu mwingine!
Elfu tisa mia nane na sabini,
kila tarehe mbili, tangu mwezi wa kumi na moja,
kutoka mji ambao Festo ameutamka mara tatu
na kila mara ukatoka mji tofauti.
Nimeikung'uta tarehe mbili kama gunia,
haikudondoka hata punje.
Sikununua. Sikuomba.
Mjukuu wangu, nilipompigia,
ameapa kwa kaburi la bibi yake.
Bibi yake ni mimi.

"Miezi minane, mwalimu. Hukuona?"
Aliuliza kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma.

Wewe hujalima viazi, mwanangu.
Fuko hang'oi shina.
Juu majani mabichi, maua meupe,
wapita njia wanasifu shamba na wewe unaitikia asante.
Siku ya jembe ndipo unapookota maganda.
Angechukua laki moja ningepiga yowe siku hiyohiyo,
Ramadhani wa duka la jirani angesikia.
Lakini elfu tisa na kitu?
Nilidhani ni makato.
Nilidhani ni ninyi.

Festo akainama kutafuta fomu
na akachukua muda mrefu kuliko fomu.

*Je, unautambua muamala huu?*
Kisanduku cha ndiyo, kisanduku cha hapana.
Nikaweka alama kwenye hapana, mara nane,
kwa kalamu yao waliyoifunga kamba mezani
isije ikaibwa.

Siku arobaini na tano, akasema. Uchunguzi.
Fedha zitarudi.
Neno *labda* hakulitaja,
lakini nimekaa na watoto miaka thelathini na moja,
nasikia hata wasilosema.

Kadi akaikata mbele ya macho yangu,
mkasi ukalia kama unavunja kucha,
vipande viwili vikapita chini ya kioo.
Chenye namba nimekitia jikoni, kikanuka hadi usiku.
Kingine kipo kwenye gari.
Kesho alfajiri sakitu ikiwa imelala juu ya kioo cha mbele
nitakwangua kwa hicho,
duara moja dogo,
la kutosha jicho.