Dola Mia Tatu, Chakula Juu Yako

Vijana wawili walikuja na kamba ya kupimia,
wakapiga kisigino juu ya jiwe, wakasikiliza
kama daktari anavyogonga kifua.
"Dola mia tatu, Mama. Chakula juu yako.
Tukikuta jiwe bichi, tutaongea upya."
Niliwapa maji ya kunywa, nikawaaga.

Mia tatu!
Mimi natwanga sombe, nauza kwa kikombe.
Mume wangu yuko machimboni, Walikale:
salamu zake hufika, yeye hafiki.

Parseli yetu Katoyi ni mgongo wa volkano.
Moto ulipita hapa, ukachoka, ukalala, ukawa sakafu.
Hata panya hana shimo.
Jirani alituazima choo chake mwaka mzima,
kisha akaanza kukohoa
kila alipomwona binti yangu na kopo la maji.
Kikohozi kile ndicho kilichoninunulia tindo.

Siku ya kwanza nilipata kijiko cha unga mweusi
na malengelenge manne.
Siku ya pili, kijiko kingine.
Ya tatu sikuhesabu.

Jiwe lina tabia.
Ukiligonga kwa hasira, linakurudishia begani.
Usiku nililiwashia vipande vya tairi,
alfajiri nikalimwagia maji ya kufulia
(maji safi? nani Goma ana maji safi ya kunywesha jiwe?)
likasema *ta!*
Ufa, mwembamba kama unywele.
Nikaupigia magoti, nikauingiza ncha ya tindo
taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Mwanamke na volkano!" Baba Bahunga, juu ya ua.
"Kesho utatokea Rwanda!"
"Nikitokea nitakuletea viazi," nikamjibu,
uso sikuuinua.

Kiuno. Kifua. Kisha kichwa kikazama,
pikipiki zikanyamaza, mbingu ikawa na pembe nne.
Hapo ndipo hesabu ilipokuwa ngumu:
wa kujaza ndoo ni mimi, wa kuivuta ni mimi.
Najaza, nafunga kamba, napanda,
navuta, namwaga, nateremka.
Mara arobaini kabla ya giza.
Kila shubiri tatu nilikata vidato viwili ukutani,
saizi ya mguu mmoja tu duniani,
thelathini na saba, wenye kidole gumba kilichopinda.

Kavugho alitaka kushika kamba.
Nikakataa. Ikikuchuna viganja, mtihani utauandika na nini?
Basi akakaa ukingoni na daftari
akinisomea mito na mikoa, kwa sauti,
na mimi chini nikarudia: Lualaba, Lomami, Kasai.
Hilo silihesabu kuwa msaada.
Wala sisemi halikuwa.

Siku moja mlima ulijinyoosha nikiwa ndani.
Ukuta ukatetemeka
kama ubavu wa ng'ombe anayefukuza nzi.
Niliweka kiganja juu yake, nikangoja.
Kuna sala niliyoianza, sikumbuki kama niliimaliza.
Kisha nikaendelea,
kwa maana ndoo ilikuwa nusu.

Mwezi wa tano: mita tatu na robo.
Mbao nne, bati la zamani, mlango wenye kufuli.
Kokoto zote nilizotoa nikamuuzia fundi wa msingi,
na kwa faranga zake nikanunua nyama, kilo mbili,
tukala mimi na mwanangu, hatukuita mtu.
Mungu anisamehe. Ilikuwa tamu.

Wiki iliyofuata wale vijana walirudi.
Walichungulia kwa tochi. Mmoja alipiga mluzi.
"Nani alikuchimbia?"
"Kyakimwa."
"Anaishi wapi huyo? Tuna kazi Ndosho, jiwe limetushinda."

Nilikuwa natwanga. Sikuacha kutwanga.
"Bei yake imepanda," nikasema.
"Dola mia nne.
Na chakula juu yenu."