Bei ya Kununua, Bei ya Kuuza

Walikuja watatu, mwezi wa tatu, na treni iliyochelewa saa kumi:
Profesa Halina wa Poznan, Okabe wa Sendai,
na Dokta Jussara wa Belem, kapakata chupa ya asali
aliyoinunua Tabora dirishani.
Barua ya chuo ilisema: mabadilishano ya wanajiografia ya uchumi.
Mwenyeji ni mimi. Niliwapokea kwa mwavuli mmoja.

Nikawapeleka Kibirizi jua halijakomaa,
dagaa wametandazwa mchangani, fedha isiyo na nembo.
Waliuliza vizuri, sina neno:
inatoka wapi, inakwenda wapi, bei anapanga nani?
Okabe alihesabu boti za Kalemie kwa kidole, midomo ikicheza.
Halina akauliza mpaka uko wapi,
na Mama Ntibashima, bila kuacha kupepeta,
akaonyesha maji kwa kidevu:
"Uko hapo katikati. Ukizama, utauona."

Jussara alifungua dumu la mawese, akanusa,
akanyamaza kupita kiasi cha adabu.
"Bibi yangu," akasema. Hakuongeza.
Mawese yalivuka bahari kabla yetu sote,
tumboni mwa meli, pamoja na waliofungwa,
wala safari ile hakuna aliyeiita mabadilishano.
Niliandika hilo ukingoni mwa daftari.
Kwenye ripoti halikuingia.

Mezani kwa Kiza, mbadilisha fedha,
faranga za Bujumbura zimefungwa mpira, za Kongo zimelowa,
Halina akauliza faida hutoka wapi.
"Mama, kila kubadilisha kuna bei mbili,
ya kununua na ya kuuza.
Katikati yake ndipo ninapolia ugali."
Okabe aliinukuu. Niliiona baadaye, ukurasa wa tisa,
imepewa jina: mfanyabiashara mmoja.

Zamu yangu ilikuwa mwezi wa tisa, niende Poznan.
Siku mbili za reli mpaka Dar,
picha mbili, nyuma kweupe, masikio yaonekane,
taarifa ya benki iliyonitia aibu mwenyewe,
na fomu, swali la ishirini na saba:
Thibitisha mafungamano yako na nchi yako.
Mimi, niliyefundisha miaka kumi na minne
jinsi watu wanavyonata na mahali,
jinsi kiwanda kinavyofuata bandari, na bandari reli,
nilishika kalamu kama mwanafunzi aliyesoma sura nyingine.
Niandike nini? Kwamba kitovu changu kimezikwa Gungu,
chini ya mchikichi ambao bado unazaa?
Kwamba nina deni la mifuko minne ya saruji dukani kwa Bihemo?
Niliandika vyote viwili.
Jibu likaja, mistari mitatu:
hatujaridhika kwamba utarudi.

Mada yangu ilikwenda bila mimi; haikuombwa alama za vidole.
Halina aliisoma kwa niaba yangu, Alhamisi, saa nane za huku,
nami nikasikiliza kwa simu hapo hapo mezani kwa Kiza,
maana pale mtandao huwa na huruma.
Sauti ikakatika, ikarudi, "umbali", ikakatika.
Majina ya vijiji vyetu aliyatamka polepole,
kama aliyebebeshwa mayai ya watu.
Kisha makofi, nadhani. Au mvua kwenye bati.
Mtu akauliza swali. Halina akasema:
hilo angelijibu mwenyewe.
Ndipo salio lilipoisha.

Kiza alikuwa na kipande chake cha boksi,
dola, faranga, faranga,
na chini kabisa, kwa wino mwekundu:
DAKTARI: wameingia 3, wametoka 0.
"Bei hii," akasema, "hata mimi ningeogopa kuibandika."

Nilicheka hadi nikaona haya.
Akaja mama kashuka botini, kanga imelowa mpaka magotini,
ana faranga za Burundi, haamini hesabu ya mtu.
Nikampa kalamu. Tukajumlisha pamoja,
yeye kwa Kirundi, mimi kwa Kiha, jibu likawa moja.
Aliporidhika nikauliza, kama kazi yangu inavyotaka:
umetoka wapi, umenunua kwa ngapi?

Akanitazama.
"Nawe," akasema, "unauliza ili uende wapi?"