Herufi ya Mkiani

Saa kumi na moja jioni, kantini ya kiwanda, Igogo.
Shombo haijatutoka kwenye kucha.
Mwalimu Mafuru anaandika ubaoni
swali ambalo kwetu ni moja,
kwa Waingereza ni mawili.

Unafanya nini?
Nakata sangara. Basi.
Nakata tangu mwaka juzi, nakata sasa hivi,
na kesho nakata, zamu ikinifikia.

Hapana, anasema. Mkaguzi akiulizia kazi yako: *I cut.*
Akikukuta kisu kimo ndani ya nyama: *I am cutting.*
Msimchanganyie mgeni.

Halafu ile *s*.
Sisi mtu tunamtanguliza, *a*nakata, *tu*nakata,
wao wanamning'iniza mwishoni,
tena mmoja tu, yule anayesemwa pembeni.
Holo wa meza yangu huiacha kila siku.
Akiulizwa, anacheka:
Mwalimu, mimi hapa nalipwa kukata mikia.

Zoezi: andika kuhusu mwenzako wa kazi.
Nikaandika, *Nkamba cuts fish.*
Nikapata vema, wino mwekundu, kubwa.

Nkamba hajavaa buti nyeupe wiki ya sita hii.
Sangara walipoadimika
majina yalisomwa getini, la kwake likawa la nne,
na mwenye karatasi alilitamka vibaya.
*S* iko mahali pake.
Nkamba hayuko.

Nikanyoosha mkono:
Mwalimu, mtu akipunguzwa kazi,
na hiyo herufi anairudisha stoo?
Kantini nzima ikacheka.
Yeye akafuta ubao,
akafuta hata pale pasipokuwa na kitu.

Jana nilimkuta Kirumba, karai mbele yake,
anakaanga mapanki,
mifupa ile ile tuliyokuwa tukiisukumia kwenye tenki
bila kuitazama.
Hii ya muda tu, Minza, aliniambia,
akanifungia viwili kwenye gazeti, akakataa hela.

Usiku, daftari juu ya goti, umeme umekatika,
nikaandika kwa tochi ya simu:
*Nkamba is frying.*
Maana mwalimu alisema umbo hili
ni la jambo lililo njiani, lenye kikomo.

Sijampa asahihishe.
Karatasi imelowa mafuta kwenye jina.
Nimeiacha wazi ikauke.