Nilipima Kiti Kwanza

Eliseo, gari lako bado linatembea.
Jumamosi nilifungua buti, hapa Corpus Christi, kwenye joto la saa tisa,
nikakuta maiti zako mbili:
spika za inchi kumi na tano, karatasi zimechanika,
koili zikinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati.
Uliziua mwenyewe, kaka.
Uliziua kwa amplifaya ndogo iliyokuwa ikilia kuomba msaada,
nawe ukadhani inaimba.

Haya ameniambia Yesenia, fundi anayeshika tochi kwa meno.
Nilimwendea na pesa za zamu sita za usiku kwenye kiwanda cha mafuta,
nikanyooshea kidole boksi lililochorwa miali ya moto:
WATI ELFU TATU.
Akacheka hadi tochi ikamdondoka.
"Hizo ni wati za kwenye boksi. Geuza. Soma maandishi madogo."
Nikageuza. Mia mbili na hamsini.
Debe tupu, nikawaza, tena hili limepakwa rangi.

Kisha akaniuliza maswali ambayo wewe hukuwahi kujiuliza.
Alteneta inatoa ampea ngapi?
Usiku ukipandisha sauti, taa za mbele zinasinzia?
(Zinasinzia. Kila besi ikigonga, barabara nzima inapepesa macho.)
Spika ina omu ngapi, na amplifaya inavumilia ngapi?
Waya wa ardhi umefungwa wapi?
Akaingiza kichwa ndani ya buti, akakuta umeufunga juu ya rangi.
Juu ya rangi, Eliseo!
Miaka minne ule mlio wa nzi tuliokuwa tukiisingizia redio
ulikuwa skrubu moja isiyogusa chuma.
Akakwangua kwa msasa, pakang'aa duara kama sarafu.
Nzi akafa.

Swali la mwisho: buti lina nafasi kiasi gani?
Hapo nikanyamaza.
Huko Amarillo uliko husikia sauti yake tu kwenye simu,
na sauti ya mama haijapungua kitu.
Miguu ndiyo iliyopungua. Sasa ni kitandani hadi dirishani, basi.
Nikatoa utepe. Nilipima kiti kwanza:
kikikunjwa, inchi kumi na mbili unene, thelathini na sita kwenda juu,
na magurudumu yasiyotaka mjadala.
Kilichobaki ndicho kilichokuwa cha muziki.

Basi, spika moja. Inchi kumi.
Boksi lililozibwa, la mbao nzito;
lile lenye tundu hunguruma zaidi
lakini hula nafasi kama mgeni asiyeaga.
Amplifaya ya wati mia nne za kweli, nyembamba, chini ya kiti cha abiria.
Betri mpya. Fyuzi palepale karibu na betri,
kwa sababu, alisema Yesenia, moto haungoji ufike nyuma.
Zile zako amezichukua, anasema sumaku bado nzima.
Najua utasema nimelishushia gari hadhi.
Mimi nasema nimejikuna nilipofikia.

Jumatatu tulikwenda kliniki.
Tulipopanda daraja nikaweka ule muziki wa akodioni aupendao,
besi ikaja, si kofi kama enzi zako,
bali kama mtu anayeegemea mlango taratibu
akijua utafunguliwa.
Mama akaweka kiganja juu ya dashibodi.
Halafu kule nyuma, kwenye noti moja ya chini kabisa,
kiti kikaanza kutetemeka, spoku zikigongana,
kra, kra, kra.
Nikasema nasimama, nikifunge kwa taulo.
"Kiache," akasema. "Angalau mmoja wetu acheze."

Noti ikapita, kiti kikatulia.
Nikairudisha nyuma kidogo
ile sehemu.