Kifundo

Halwa haikorogwi umekaa.
Baba alisema hivyo, nami sikumbishia
miaka thelathini na mmoja, Kibokoni,
mwiko mrefu kunishinda,
sufuria ya shaba ikitokota sukari na iliki,
na damu yangu yote ikishuka, ikituama
kama maji ya mvua Makadara mitaro ikiziba.

Kwanza mishipa ilivimba, ikajinyonganyonga
kama nyungunyungu chini ya ngozi.
Kisha ngozi ikashika rangi ya kahawa tungu.
Kisha mwasho. Kisha, juu ya kifundo, upande wa ndani,
shimo.

Dogo, tundu la kifungo cha shati.
Rukiya akaliosha kwa maji ya chumvi.
Likawa shilingi ishirini.
Akalipaka asali, akalipaka shubiri.
Jirani akasema nimekanyaga kilichozikwa;
tukafukua kizingiti, tukapata
msumari mmoja na kipande cha kigae.
Likawa kifuniko cha kopo la samli.

Miaka minne.
Harufu yake siisemi. Paka wa sokoni waliijua.
Msikitini nikawa mtu wa safu ya mwisho,
pembeni, karibu na viatu,
nimeacha upana wa mtu kati yangu na mtu.
Imamu husema: zibeni mapengo.
Pengo lilikuwa mimi.

Daktari Kadzo, Ganjoni, ghorofa ya pili, lifti hakuna
(ngazi arubaini na nne, nilizihesabu),
hakuanza na kidonda.
Aliupaka mguu uji baridi, akapitisha kidude,
na kwenye kioo nikaiona damu yangu
ikipanda, nyekundu, hadi karibu na paja,
kisha ikirudi, buluu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
"Mzee, ndani ya mshipa mna vilango.
Vyako havifungi tena.
Kidonda ni sakafu inayolowa. Bomba liko huku juu."

Miaka minne tulikuwa tunapangusa sakafu!

Niliuza sufuria ya pili.

Siku yenyewe walinivika miwani ya kijani
kama mchomea vyuma wa Mwembe Tayari.
Sindano, na sindano, na sindano,
maji baridi kuuzunguka mshipa, tangu goti hadi kinena.
Hapo niliuma ulimi, sikatai.
Kisha ukapenya uzi, ncha yake mwanga.
Sikuuona. Nilisikia mlio, ti, ti, ti,
na kinywani ladha ya kitu kinachoungua,
ladha ninayoijua: sukari inaposhika chini ya sufuria.
Mkono wangu wa kulia ulitikisika, ukautafuta mwiko.
Tulia, nikauambia. Hii leo iache ishike.

"Na damu sasa itapita wapi?"
"Kwani Makupa ikifungwa, magari hulala?"

Nikazishuka zile ngazi kwa miguu yangu.

Lakini hii soksi. Mombasa, mwezi wa Machi,
soksi ya mpira inayobana hadi pajani!
Rukiya huvuta, mimi husukuma,
tunaangukia kitandani tunacheka
kama maharusi wasioijua kazi.
Kila Alhamisi hupima kwa rula ya mjukuu:
sita. Nne na nusu.
Nne na nusu tena, akanuna siku nzima.
Mbili.
Chembe ya pilipili manga.

Mwiko nimempa Twalib, mtoto wa dada.
Ana pupa; halwa yake ina vijiwe.
Mimi nakaa, mguu juu ya kreti ya soda,
napakia vikapuni na kufoka.

Ijumaa iliyopita nilitawadha,
maji yakapita juu ya ngozi mpya,
nyembamba, inang'aa, kama utando wa maziwa.
Nikaingia safu ya tatu.
Kijana nisiyemjua, mikono ya mbeba mizigo,
akasogea, akasogea tena,
hata kifundo chake kikagusa changu.
Hakujua lolote.
Alikuwa anaziba pengo tu.