Nusu Kopo la Buluu

Walinipa ukuta unaotazama mlingoti wa bendera,
shule ya serikali, Makorora, kando ya mtaro.
Mita sita kwa mbili na nusu. Nikaupima kwa uzi
uliopakwa vumbi la chaki, nikaufyatua: tap!
mstari ukalala umenyooka kuliko foleni ya darasa lolote.

Chaki zilikuwa zinaibwa, ndiyo sababu.
Chaki, na sukari ya uji, na mara moja kengele yenyewe.
Kamati ikaketi. Tuandike maadili, wakasema,
mtoto ayasome akiingia, ayasome akitoka.
Vema. Maadili ya nani?

Hapo ndipo chai ilipopoa.
Mzee Sechonge akataka Amri Kumi, zote, bila kufupisha.
Ustadhi Mwinyikai akasema basi na aya ziwepo,
kwa Kiarabu, tafsiri chini.
Mwanajaka, mpika uji, aliyekuja kuchukua vikombe tu,
akauliza: na wale wajukuu wa Mhina,
ambao kwao hutambika, tunawaachia tofali ngapi?
Wakacheka. Yeye hakucheka.

Ikapita: safu mbili. Nikaugawa ukuta.
Ukaja ugomvi wa safu ipi ikae upande wa mlango,
na herufi za nani zimenenepa.
Mara tatu nilishuka ngazi nikapime mbele ya mashahidi:
nusu inchi, wazee wangu, nusu inchi kwa nusu inchi.
Mbingu nzima ilingojea rula yangu ya plastiki,
nayo imemeguka kwenye sifuri.

Ijumaa, kushoto nilikuwa nimefika USIIBE,
kulia niko kwenye aya ya wapunjao vipimo.
Darasa la kwanza walisimama chini yangu, vidole hewani,
U, si, i, be.
Mmoja akasoma Usiimbe,
na kipindi cha nyimbo akafunga mdomo mpaka kengele.

Jumatatu akaja bwana wa halmashauri, faili kwapani.
Ukuta wa serikali, akasema, na serikali haina dini.
Futa.
Nikauliza nani atanilipa, wa kuandika au wa kufuta?
Mweka hazina akaviangalia viatu vyake,
vipya, vya kamba.

Nikapaka chokaa mikono miwili.
Lakini chokaa haina kifua cha kutunza siri:
mvua ikinyesha ukuta unalowa, maneno yanarudi,
yamekonda, yamepandana, aya juu ya amri,
huwezi kujua lipi la nani.
Jua likiwaka, hayapo.

Sasa niseme langu.
Siku ile ya kufuta lilibaki nusu kopo,
buluu ya mafuta, risiti ina mhuri wa shule.
Nikalifunga gazeti, nikalitia kwenye kikapu cha baiskeli.
Nilijiambia: hawajanilipa. Kweli, hawajanilipa.
Nilijiambia: litakauka stoo. Kweli, lingekauka.
Kweli mbili zote nilikuwa nazo,
na bado nilipita njia ya nyuma.

Mlango wangu sasa ni buluu, mtaa mzima unausifu.
Jirani ameniuliza rangi hiyo inauzwa duka gani.
Binti yangu Hidaya yuko darasa la tatu, palepale.
Siku ya kwanza aliupitishia kidole, akakinusa,
akanitazama kama anayesoma kwa silabi.
Hakusema kitu. Akaingia kula.

Chaki, nasikia, bado zinapungua.
Kamati itaketi tena mwezi ujao.
Mlango wangu hauna hata herufi moja;
kila jioni nausoma wote, juu mpaka chini,
ndipo nabisha hodi kwangu mwenyewe.