Alama ya Chaki

Ukungu wa Isyonje haupigi honi.
Ng'ombe watatu walitoka ndani yake, weupe juu ya weupe,
na Ambakisye akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.
Nyuma viazi vilibingirika, gunia likalala ubavu.
Ng'ombe wakavuka. Hakuna aliyekufa.
Tulicheka hata,
kile kicheko cha watu waliokauka mate.

Jioni namvua Tusekile sweta la shule,
nikaona shingoni mstari mwekundu, mwembamba,
unapanda mpaka chini ya sikio
kama nilivyochora mwenyewe kwa chaki ya fundi:
kata hapa.

Mimi nashona, Uyole, kibanda cha tatu toka kwa wauza mbolea.
Miaka kumi na minne natazama nguo
na kujua imekatwa kwa mwili upi.
Koti la marehemu likivaliwa na mwanawe
nalijua kabla hajageuka.
Ila mkanda ule sikuutazama.

Umekatwa kwa kifua cha Ambakisye.
Umekatwa kwa nyonga zangu, mimi niliyezaa mara nne.
Mtoto wa miaka saba anauvaa kama kanzu ya baba:
unamkata shingo, wakati mahali pake ni begani,
unamlalia tumboni, kwenye ini na bandama,
wakati ungeshika mfupa wa nyonga.
Ukimkera, huupitisha chini ya kwapa.
Nami nilikuwa namsifu,
tazameni, kajifunga mwenyewe.

Nilichukua futi, ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo.
Mita moja na sentimita kumi na tisa.
Nesi wa Igawilo, niliyemshonea sare, alisema
mkanda wa gari humkaa mtu akikaribia mita moja na nusu;
kabla ya hapo ainuliwe, akalie kitu.
"Na usihesabu keki za kuzaliwa, mama Tusekile.
Hesabu mifupa."

Mama mkwe alicheka hadi njegere zikamwagika ungoni.
"Sisi tuliwabeba mpaka Tukuyu kwa mbeleko moja!"
Nikamuuliza, mbeleko uliifunga kwa kipimo cha nani?
Hakujibu. Aliokota njegere, moja moja.

Kiti nilikikuta Mwanjelwa.
Kijana Gwakisa alikuwa amekikalia, anauza soksi,
hajui ni nini.
Nilikipapasa kila pembe kutafuta ufa, kama mtu anayenunua chungu.
Elfu kumi na nane.
Ambakisye aliibadili kuwa debe za viazi, kimoyomoyo;
niliiona midomo.
Usiku nikakivika kitenge, vipande vya vipande,
maana sikutaka aone doa la mtoto wa watu.

Alikikataa.
"Hiki cha wachanga. Anyisile ataniona getini."
Siku mbili alikikalia amejikunja kama mwizi,
kofia ya sweta mpaka puani.
Siku ya tatu, tunaingia mjini, kimya,
mkanda umemlala begani, bapa, kama pindo lililopigwa pasi,
akasema, bila kumwambia mtu:
"Kumbe Loleza ina miguu."

Miaka yote hiyo alikuwa akiuona mlima kichwa tu,
na nyaya za umeme, na mawingu.

Sasa fremu ya mlango ina mistari yake ya chaki.
Kila mwisho wa mwezi anajinyoosha, anaiba kwa visigino,
namkanyagia vidole, tunabishana.
Juu kabisa nimechora ule wa mwisho:
ukiufikia, mwanangu, kiti tunampa mdogo wako.

Nimeuchora kidole kimoja juu ya kipimo.
Fundi yeyote huacha akiba ya kitambaa ndani ya pindo.
Asiambiwe.